Maili ya Mke wa Fundi Saa

Usimwulize Fundi ni saa ngapi kama huna nafasi ya kusikiliza jibu. Watu wengine wakiulizwa husema "inakaribia saa nne" na mambo yakaisha. Yeye ataitoa kwanza lenzi jichoni, atazame saa ya ukutani, atazame ya mkononi, kisha akwambie ni saa nne kasoro dakika tatu. Ukigeuka kwenda zako atakuita: "Hebu nione hiyo yako." Akishaiona atatikisa kichwa kama daktari aliyeona ulimi mbaya.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali ambapo mtu mrefu huingia kwa kuinama na mnene huingia kwa ubavu. Mlikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu, vikopo vya skrubu ndogo kama mbegu za nyanya, na kigoda cha wateja kilichokatika mguu kikafungwa kwa waya. Ukutani saa zilijaa mpaka karibu na dari, na zote zilisema kitu kimoja. Hicho ndicho alichojivunia. Kwa mafundi wengine kila saa ina lake, moja imelala, nyingine inakimbizwa na mbwa. Kwake zote zilikubaliana. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi nyeusi: SAA YA HAPA HAISEMI UONGO. Na ni kweli, saa za pale hazikuwahi kusema uongo. Habari ya mwenye saa ndiyo hii.

Mkewe alikuwa mpishi katika chuo cha ufundi kilichokuwa nyuma ya mtaa. Mwanamke wa mwili, wa sauti kubwa, wa kicheko kinachotangulia kufika kabla mwenyewe hajakata kona. Alishinda kwa miguu tangu alfajiri mbele ya masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani, akikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia na kuwatania wanafunzi waliopanga foleni na sahani zao. Watoto wao wawili walikuwa wameshakua na kwenda zao, na nyumba ilikuwa imebaki na watu wawili na redio.

Mama mzazi wa huyo mke alianguka akiwa anamenya viazi. Moyo. Hakuugua, hakuaga, kiazi kilikutwa mkononi. Na umri aliokuwa nao siku hiyo ndio umri ambao bintiye alikuwa anaukaribia. Kwa hiyo daktari wa zahanati alipomwambia kwamba presha imepanda na kwamba mwili unataka kutikiswa, mke wa Fundi, mtu wa kuchekea kila jambo, siku hiyo hakucheka.

"Sitaki kufa na kisu mkononi," alimwambia mumewe aliporudi. "Nitakimbia."

"Ukimbilie wapi tena, mama watoto?"

"Popote. Nitazunguka ule uwanja wa chuo, na wewe utanipima. Si ndiyo kazi yako?"

Fundi akafurahi. Mtu wa ufundi ukimpa kazi ya ufundi nyumbani kwake umempa heshima. Katika droo alikuwa na saa ya mbio, ile ya kubonyeza kichwani, ya chuma, iliyoachwa na mteja asiyerudi. Akaifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, na ikawa inatembea kama iliyotoka kiwandani jana.

Mwalimu wa michezo wa chuo alipopita kubadilisha betri, Fundi alimbana kwa maswali.

"Mwalimu, mtu wa kawaida. Si mwanariadha. Mtu mzima mwenye kazi zake na magoti yake. Akikimbia maili moja, muda gani tuseme ni mzuri?"

Mwalimu akakaa kwenye kigoda, nacho kikalia. "Inategemea umri, na inategemea katoka wapi. Kijana mwenye mazoezi anaweza kumaliza kwa dakika saba au nane. Mtu wa makamo akiingia chini ya kumi, huyo mpigie saluti. Kumi mpaka kumi na mbili, safi kabisa. Kumi na tatu, kumi na nne, atembee kifua mbele, hasa kama mwezi uliopita alikuwa kwenye kochi."

"Na akizidi hapo?"

"Akizidi hapo ameshaanza, na wengi hawajaanza. Mimi nikiulizwa, muda mzuri ni ule unaoupita wa kwako wa mwezi jana. Lakini watu hawataki kusikia hivyo, wanataka namba."

Fundi alichukua namba, maneno akayaacha pale pale kwenye kigoda.

Jumamosi asubuhi wakaenda uwanjani, umande haujakauka. Fundi alikuwa na saa mkono mmoja na tepu mkono mwingine. Alimwonyesha mkewe kwamba mizunguko minne ya uwanja ule haifiki maili. Inapungua mita tisa. Akapiga magoti, akapima mita tisa nyuma ya mstari wa chokaa, akaweka jiwe.

"Utaanzia hapa."

"Yaani kwa ajili ya mita tisa unanirudisha nyuma?"

"Maili ni maili."

"Mungu wangu," mkewe akasema, akijifunga kitambaa kichwani. "Wenzangu wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na rula."

Akaanza. Nusu mzunguko alikimbia, kisha akatembea, kisha akakimbia kidogo tena pale wanafunzi wawili waliokuwa wamekaa kwenye ngazi walipoanza kumtazama. Mmoja wao alicheka. Mzunguko wa tatu aliumaliza kwa kutembea mkono kiunoni. Wa mwisho aliukimbia wote, kwa hasira, na alipovuka mstari aliinama akashika magoti, jasho likimdondoka puani. Akainua uso kutoka chini kule, mwekundu wa macho, akauliza:

"Ngapi?"

Saa ilisema dakika kumi na nane. Fundi alikuwa amefungua mdomo kusema hivyo. Lakini alikuwa bado anakisikia kicheko cha yule mwanafunzi, na ule uso ulikuwa unamtazama kama unaomba maji.

"Kumi na tano," akasema.

Uso ukafunguka. "Kumi na tano! Si mbaya, eh?"

"Si mbaya hata kidogo."

Akaifuta saa ikarudi sifuri kabla mkewe hajamkaribia. Ni jambo la kidole kimoja. Fundi alirudi nyumbani akijiona mwema, tena alipiga mluzi njiani. Tusimwonee: nani hajawahi kumwambia mtu "umependeza" huku akitazama pembeni?

Shida ilikuja Jumamosi iliyofuata. Mkewe alikimbia dakika kumi na saba na nusu. Amepunguza, tena kwa jasho lake. Lakini Fundi akisema kumi na saba na nusu, mtu aliyekuwa kumi na tano atakuwa amerudi nyuma. Basi ikabidi aseme kumi na nne na nusu. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Yeye alijua kuliko mtu yeyote kwamba saa ukiisogeza mbele dakika tatu, itaendelea kuwa mbele dakika tatu milele. Haitaharibika zaidi, ila haitakuwa sahihi hata siku moja. Wateja wenye tabia hiyo, wanaosogeza saa mbele ili wasichelewe kazini, alikuwa akiwasema vibaya. "Unajidanganya mwenyewe," alikuwa akiwaambia. Sasa alipofungua mlango asubuhi hakuinua macho kutazama maandishi yake.

Na mwanamke yule alikimbia. Hilo liwe wazi. Mvua ikinyesha alikimbia, goti likiuma alilifunga akakimbia. Magauni yakaanza kumpwaya. Miezi ikapita, saa ikateremka kumi na sita, kumi na tano, kumi na nne, na mdomo wa Fundi ukateremka mbele yake kama mtu anayekimbizwa kwenye ngazi. Saa iliposema kumi na tatu na sekunde hamsini, mdomo ulisema kumi na sekunde hamsini.

Jikoni sherehe. Alikuwepo mpishi mwenzake, mwembamba, mwenye ulimi, aliyeitwa Kijiko kwa sababu hakuna chungu ambacho hakuingia.

"Dada, chini ya kumi na moja? Na umri huu?" Kijiko akasema, akapiga sufuria kwa mwiko ili wote wasikie. "Kuanzia leo huyu ni Mshale!"

Jina likashika. Wanafunzi wakalichukua, walinzi wa lango wakalichukua. Mshale apewe njia, Mshale anapita.

Fundi aliwahi kujaribu kusema. Ilikuwa wakati wa chai ya asubuhi. "Mke wangu, kuhusu ile saa ya mbio..." Mkewe akaweka kikombe chini haraka. "Usiniambie imeharibika!" Alimtazama kwa hofu ile, na Fundi akageuza maneno. "Hapana," akasema, "nilikuwa nasema nitaitia mafuta." Akaenda kazini akiwa amejichukia, na siku nzima aliunganisha vipande vya saa za watu kinyumenyume.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fundi ilikuwa maili moja kamili, na mita tisa alizipima mwenyewe.

Chuo kikatangaza siku ya michezo ya wafanyakazi, na kati ya michezo, mbio za maili. Mwalimu wa michezo aliwakusanya akasema watakimbia makundi mawili ili watu wasigongane: wanaokimbia chini ya dakika kumi na moja watangulie, wengine wafuate. Nani kundi la kwanza? Kijiko alimshika mke wa Fundi mkono akauinua juu kama wa bondia.

"Nimewekwa na wale wa mbele," alimwambia mumewe wakati wa chakula. Macho yalikuwa yanang'aa.

Fundi akarudisha tonge sahanini. "Kwa nini usikimbie na wale wa pili? Huko utawaacha mbali."

"Wewe mwenyewe ndiye unayenipima." Aliacha kula. "Ina maana huniamini?"

"Nakuamini," Fundi akasema. Na ilikuwa kweli, yeye alimwamini. Asiyeaminika alikuwa mwingine pale mezani.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa wanafunzi, wakuu wa idara walikaa chini ya turubai, na kando ya mstari wa kumalizia palisimamishwa saa kubwa ya tarakimu nyekundu inayosomeka hata ukiwa upande wa pili. Fundi alijibanza kati ya watu. Mkono ulikuwa mfukoni umeshika saa ya mbio, na firimbi ilipolia kidole kilibonyeza chenyewe kwa mazoea.

Mzunguko wa kwanza mkewe alikuwa nyuma kidogo, na watu wa jikoni walipiga kelele, "Mshale! Mshale!" Mzunguko wa pili nafasi ikawa kubwa. Wa tatu, vijana wa karakana walimpita kwa mara nyingine, na mmoja akamwambia samahani mama. Kelele za jikoni zikapungua. Wa mwisho katika kundi lake alipomaliza na kupewa maji, yeye alikuwa upande wa pili wa uwanja, peke yake, na zaidi ya nusu mzunguko mbele yake. Mtu akapaza sauti, "Mshale umekwama!" na kicheko kikapita ngazi zote. Halafu kicheko kikaisha, watu wakaanza kumwonea huruma, na huo ukimya ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Kundi la pili, lililokuwa limeshajipanga kuanza, lilisogea pembeni kumpa njia ya kumalizia.

Alivuka mstari. Tarakimu nyekundu zilisema kumi na tatu na ishirini.

Fundi alitazama saa iliyokuwa mfukoni. Kumi na tatu na ishirini. Akaitazama tena. Tangu siku ile ya kwanza ya umande, mkewe hakuwahi kukimbia vizuri namna hiyo. Alikuwa amejipita mwenyewe kwa nusu dakika nzima. Katika uwanja mzima wenye watu wote wale, alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua kwamba mama yule aliyeinama pale ameshika magoti ameshinda. Mtu huyo alipaswa kurukaruka, kuita jina lake, kumkimbilia. Mikono haikupanda. Aibu ilimshika kuanzia kwenye kisigino mpaka kwenye utosi, akasimama kama mlingoti na saa mfukoni.

Aliyekimbia kumfunika mkewe mabega kwa kitambaa alikuwa Kijiko. Mkewe hakuwatazama watu. Alitazama zile namba, na machozi yakamtoka bila sauti.

Nyumbani alikaa kitandani na viatu miguuni.

"Kuna kitu mwilini mwangu," akasema.

"Ni uchovu tu."

"Fundi, juzi nimekimbia kumi na sekunde hamsini. Leo kumi na tatu. Mtu hapotezi muda wote huo kwa uchovu wa siku mbili." Akaweka kiganja kifuani. "Ni moyo. Mama naye lazima ulianza kumsaliti hivi hivi, na hakusema."

Hapo ndipo mtu angesema. Mimi na wewe, tukiwa tumekaa salama na hadithi mkononi, tungesema. Fundi alikwenda kumletea maji. Alijaza kikombe, akakaa jikoni akikitazama mpaka alipoitwa, akampelekea, hakusema.

Mkewe akaacha kukimbia. Akawa anapanda ngazi taratibu, mkono ukutani, akisimama katikati kujisikiliza. Kicheko kikapotea nyumbani. Akapanga siku ya kurudi zahanati, na jioni moja Fundi alimsikia akizungumza na binti yao kwenye simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimweleza mashuka mazuri yako kabati gani na kwamba baba yake hajui kupika hata uji, asije akaachwa peke yake. Fundi alikuwa nje ya mlango. Alitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ilikuwa ya saruji.

Aliyeifungua siri ile alikuwa Kijiko, bila kujua. Kijiko hakukubali kwamba Mshale ameanguka. Alimfuata mwalimu wa michezo siku baada ya siku: saa ya chuo ni mbovu, saa ya chuo ni mbovu, mume wake ni fundi saa na anampima kila Jumamosi, nani anajua saa kuliko fundi? Mwishowe mwalimu alichoka. Alibeba saa kubwa begani, akaja nayo kibandani mchana, Kijiko nyuma yake, na nyuma ya Kijiko, akijivuta, mkewe Fundi.

Waliingia kwa zamu ya kubanana. Mkewe alibaki mlangoni.

"Fundi," mwalimu akasema, akiiweka saa mezani, "mimi si mtu wa ubishi. Ikague. Kama imekosea, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeitega. Nitasimama mbele ya chuo kizima nimwombe mama radhi, na mbio tutazirudia."

Sikiliza jinsi shetani alivyo na adabu. Hakumpigia Fundi kelele. Alimwambia tu: waya mmoja. Ufungue mgongo, uguse waya mmoja, useme ina kasoro. Mkeo atapona leo leo, moyo utamtulia, atacheka. Mwalimu ameshasema mwenyewe atabeba lawama. Nani ataumia? Fundi alishika bisibisi. Na alipoishika aliitambua sauti ile. Ilikuwa ile ile ya asubuhi ya kwanza uwanjani, yenye huruma hiyo hiyo.

Akaweka bisibisi chini. Akatoa saa ya mbio, akailaza kando ya ile kubwa, akabonyeza zote mbili pamoja.

Wakasubiri. Hakuna aliyekuwa na pa kugeukia. Mshale mdogo wa saa ya mbio ulizunguka, tarakimu nyekundu zikapanda, na kila mshale ulipofika juu namba nazo zilifika.

"Labda zinaachana baadaye," Kijiko akasema.

Wakangoja baadaye. Wakangoja muda wa maili nzima, wa mtu asiye na haraka. Fundi akazisimamisha kwa mpigo mmoja.

"Saa ya chuo ni nzima," akasema.

"Basi ya kwako ndiyo mbovu, shemeji!"

"Na ya kwangu ni nzima."

"Sasa shemeji, haiwezekani! Moja inasema kumi, moja kumi na tatu, zote nzima?"

Kutoka mlangoni mkewe akasema polepole, mkono kifuani, "Iwezekane vipi tena, mdogo wangu? Kibovu ni mimi."

"Hapana." Fundi alisimama, akagonga kichwa kwenye taa. "Kibovu ni mdomo wangu. Sijawahi kukusomea saa ilivyosema. Hata Jumamosi moja. Nilikuwa napunguza. Kila siku nilipunguza."

Ilikuwa imetoka, na mbele ya watu. Mwalimu akatazama dari. Kijiko alimtazama dada yake, akamtazama shemeji, akasaidia kuishika saa upande mmoja, na wakatoka nayo kama waliobeba mgonjwa.

Mkewe akaingia. Akakaa kwenye kigoda.

"Ile siku ya kwanza, ilikuwa ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na siku ya mbio?"

"Kumi na tatu na ishirini, kama walivyoandika. Hujawahi kukimbia vizuri kama siku ile."

Midomo yake ikahesabu. Saa zote ukutani zilikuwa zinasema saa nane na robo.

"Kwa hiyo siku ile nilishinda."

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Ndiyo."

"Ulisimama pale, unanitazama nalia mbele ya wanafunzi, na ulijua."

Fundi alisogeza bisibisi mezani. Aliinamisha kichwa.

"Nilikuonea huruma," akasema.

"Nani alikuomba?" Hakupiga kelele, na Fundi angetoa chochote apige kelele. "Zile tatu ulizonipa sikuzitaka, sikuzijua. Lakini hizi karibu tano nilizitoa mwilini mwangu, Fundi. Na magoti haya. Zilikuwa zangu, na sikupata kuziona hata moja. Nimekaa wiki nzima najiandaa kufa kwa sababu nimekimbia vizuri."

Akanyanyuka, akatoka kwa ubavu kama wateja wengine.

Alikwenda zahanati hata hivyo, na daktari akamwambia presha imeshuka, chochote anachofanya akiendeleze. Habari hiyo Fundi aliisikia kwa binti yake. Nyumbani mkewe alimpakulia, akamwambia sabuni imekwisha, akamwambia bomba linavuja. Alizungumza naye yote ya nyumba na hakucheka naye. Watu wa jikoni nao walikuwa na lao. Wakipita kibandani walikuwa wanaulizia kwa heshima zote, "Shemeji, saa ngapi?" kisha, kabla hajajibu, "Au tupunguze tatu?" na kuondoka wakishikana mabega. Fundi aliwavumilia. Alipanda kigoda na tambara la mafuta ya taa, akafuta maandishi ya juu ya mlango. Mteja mmoja alipouliza kwa nini, alisema, "Yalizidi."

Kisha Jumamosi moja mkewe alivaa viatu. Fundi alikuwa anakunywa chai. Akainuka bila kufikiri, akachukua saa ya mbio kwenye msumari. Mkewe akanyoosha kiganja. Fundi akamkabidhi. Mkewe akaivaa shingoni.

"Nitajipima mwenyewe," akasema.

Fundi akarudi kukaa. Mkewe alifika mlangoni, akasimama akiwa amempa mgongo.

"Huji?"

"Nije kufanya nini?"

"Lile jiwe halipo. Wanafunzi wamelipiga mateke. Njoo unipimie zile mita tisa. Hapo hukuwahi kunidanganya."

Uwanjani Fundi alipiga magoti kwenye umande, akanyoosha tepu kutoka kwenye mstari wa chokaa. Akapima, akarudia kupima. Hakukuwa na jiwe karibu, akaweka kiganja chake chini. Mkewe akaja, akapanga vidole vya viatu nyuma ya kiganja kile.

"Toa mkono nisikukanyage," akasema, akabonyeza, akaenda.

Fundi alisimama na tepu mkononi mizunguko yote minne, hakusogea. Mkewe alivuka mstari, akabonyeza, akainama akashika magoti. Saa ilikuwa inaning'inia usoni pake. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaguna, kicheko kifupi cha puani, akaitumbukiza ndani ya blauzi.

Hakumwambia. Fundi akaanza kukunja tepu, na hakuuliza.